Sekunde Tatu Kabla ya Hotuba

Jumatatu ilichelewa kufika. Katika mji ule hilo halikuwa jambo la kumshangaza mtu, maana siku za pale zilikuwa na tabia za wageni: nyingine huja mbili kwa pamoja na mizigo yao, nyingine huahidi na zisitokee, na Jumanne moja iliwahi kukaa muda mrefu mpaka watu wakaanza kuinung'unikia kama shemeji asiyeaga. Lakini mafundi sauti wa mji walikuwa wamekubaliana tangu mwanzo kwamba kikao chao ni cha Jumatatu, na Jumatatu isipokuja hakuna kikao. Basi wakawa wanangoja. Siku ilipofika hatimaye, ikamkuta Mwanamize jikoni kwake anamimina chai katika kikombe kimoja.

Kimoja! Alikiona kikombe kile kinafuka moshi peke yake. Nyumba ile ilikuwa na watu wawili, yeye na mama yake, Bi Mashavu, na Bi Mashavu alikuwa amekaa palepale mkekani, hatua mbili tu kutoka kwenye jiko, miguu kainyoosha, anamtazama. Mwanamize hakumsahau kwa kiburi wala kwa shughuli nyingi. Alimsahau tu, kama mtu anavyosahau kwamba anapumua. Majirani walikuwa wamemtangulia. Juzi mke wa jirani aliingia kuomba kiberiti, akataka kumkalia Bi Mashavu mapajani akidhani ni mto, na hata alipovutwa mkono akacheka tu, asijue anachekea nini.

Hivyo ndivyo mambo yalivyokuwa katika mji ule: asiyesikika husahaulika. Kwanza huondoka sauti, halafu jina, halafu mahali pa kukaa. Baada ya hapo haijulikani, kwa sababu waliofika huko hawakubakiwa na mtu wa kuwasimulia.

"Mama, nisamehe," Mwanamize alisema, akapiga magoti mkekani.

Midomo ya Bi Mashavu ilicheza. Ilicheza kwa muda mrefu, tena kwa haraka, na mkono ukawa unayasindikiza maneno hewani, lakini hakikutoka kitu. Tangu wiki saba, au labda miaka saba, kilikuwa hakitoki kitu. Mama hajui kuandika na binti hajui kusoma midomo. Mwanamize alilia kidogo, akajifuta kwa upande wa kanga, akachukua kikombe cha pili. Alipokwisha kukijaza alikuwa ameshaamua.

"Leo nawaambia," alisema. "Kunywa chai, mama, tunakwenda wote."

Sasa, ili aibu ya Mwanamize ieleweke, lazima kwanza sifa zake zisemwe. Yeye ndiye aliyekuwa na mkono msafi kuliko mafundi wote. Mpe ukanda uliorekodiwa sokoni siku ya gulio, atakurudishia sauti ya mtu mmoja anayeongea kana kwamba dunia nzima imekwenda kulala. Ndiyo maana aliitwa kwa Mwenye Kipaza. Huyo ndiye aliyeutawala mji, na hakuna aliyewahi kuuona uso wake. Wengine walisema nyuma ya kipaza kile hapana mtu, ni kipaza chenyewe kinachotawala, na kwa hali ilivyokuwa tofauti isingeonekana. Kila hotuba yake ilipaswa kusafishwa kabla ya kuwekwa kwenye Ghala la Yaliyosemwa, na ukanda ghafi, ule wenye vikohozi na mengineyo, ulipaswa kuchomwa moto siku hiyohiyo. Anayekutwa nao hafungwi. Anasafishwa.

Mashine ya kusafishia sauti ni mwanafunzi mtiifu sana, na utii wake ndio hatari yake. Unaipa sekunde mbili tatu za kelele tupu, mahali ambapo hapana aliyesema, unaiambia: hiki ndicho kibaya. Inakisikiliza, inakikariri, halafu inapita katika ukanda wote ikikitafuta, na popote inapokikuta inakifuta. Haiulizi kwa nini. Kwa hiyo kazi yote ya fundi iko katika kuzichagua sekunde zile. Siku ile Mwanamize alikuwa kwenye hotuba ya saba, macho yamejaa mchanga, na akachukua sekunde tatu za mwanzo, kabla Mwenye Kipaza hajafungua kinywa. Alizitazama kwenye kioo cha mashine. Mstari ulikuwa umelala, hauna hata kichuguu. Akaona hapo pametulia. Fundi sauti, mtu mzima, mwenye sifa zake, akatumia macho!

Laiti angevaa hedifoni angesikia. Katika sekunde ya pili, mstari wa mbele kabisa kwenye uwanja ule, mwanamke mmoja alikuwa amesimama na mwavuli wake, akaona hotuba nyingine inataka kuanza, akaguna.

"Mmh."

Basi, kidogo hivyo. Mguno wa mtu aliyekwisha kusikia hotuba nyingi. Mashine ikaukariri mguno ule kwamba ndio kelele, ikaukuta ukandani, ikaufuta, na ilipokwisha ukandani, kwa utii wake, ikaendelea. Bi Mashavu alirudi nyumbani jioni ile, akafungua mdomo kuuliza kama kuna maji ya kuoga, na maji hayakuulizwa.

Njiani kwenda kikaoni umri wa Mwanamize ulimchezea. Kwenye kona ya washona viatu alikuwa na miaka hamsini, yeye ndiye anayemshika mama mkono. Walipofika darajani alikuwa na miaka tisa, na mkono uliomshika ulikuwa mpana na wa moto, unamvuta asikaribie ukingo. Kichwani maneno yalikuwa yanakuja vipandevipande, hayana mpangilio. Nani alisema ile ni kelele? Mimi. Nilimuuliza nani? Sikumuuliza mtu. Na kelele ni nini? Mvua juu ya bati. Lakini mkulima akiisikia mvua juu ya bati anaamka kushukuru. Mtoto anayelia msikitini, basi. Lakini mama yake amemngoja miaka tisa alie. Kinu cha jirani. Lakini jirani leo amepata cha kutwanga. Mbona kila kelele ninayoishika ina mwenyewe? Mbona kila ninapoigeuza nakuta mtu amekaa ndani yake? Labda kelele ni sauti ambayo mwenye kipaza hakuiomba. Na mimi ni nani? Mimi ni kidole chake. Mimi ndiye kidole kilichobonyeza.

Alitaka kulisema hilo kwa sauti, lakini darajani alikuwa na miaka tisa na hakuwa na maneno yake. Walipovuka yalirudi.

Kikao kilikuwa katika lililokuwa ghala la magodoro. Wenye ghala walikwenda zao siku nyingi, wakayaacha magodoro yameegemezwa kutani, na mafundi walipoingia mara ya kwanza wakapiga kofi moja na kusikia halirudishi mwangwi, walikumbatiana kwa furaha. Walikuwa watu kumi na mmoja. Kila Jumatatu walikuja na maiki zao na waya zao, wakafundishana: namna ya kuweka maiki kwenye ngoma isipasuke, namna ya kumrekodi mzee mwenye meno ya bandia, namna ya kuuzima mluzi wa spika kabla haujamkimbiza bibi harusi. Bure kabisa, fundi kumpa fundi. Kulikuwa na sharti moja la kuingilia mlangoni: kila mtu aje na sauti moja na kosa moja. Sauti unaisikilizisha, kosa unalisema. Na ukishalisema, wote hujibu kwa pamoja, "Kosa letu." Kuanzia hapo si lako tena, hata ukilitaka hulipati.

Wiki saba zile Mwanamize alikuwa analeta makosa ya uongo. Mara waya ulikatika, mara alisahau kubadili betri. Walipojibu "Kosa letu" alihisi amewapa watu chakula kilichochacha, nao wanakula wanashukuru.

"Karibu, fundi," alisema Ngwali, mwenyekiti wa kikao, mtu nadhifu aliyekata kucha na kufunga kila kifungo, aliyeogopa serikali kama wengine wanavyoogopa nyoka. "Umekuja na nani?"

Alikuwa anamtazama Bi Mashavu moja kwa moja.

"Mama yangu."

"Ah." Ngwali alipepesa macho, akamwona nusu. "Shikamoo, mama. Karibu... karibu kiti." Kisha akasahau kukileta.

Aliyekileta ni Sikudhani. Huyu alikuwa fundi wa maspika ya harusini, mwanamke mnene mwenye sauti ya kupasua maharage, na mafundi wa studio walimdharau kimyakimya kwa kuwa kazi yake ni kelele. Yeye alijua na hakujali. "Kaa, mama," alisema. "Hawa wanasikia vidudu wanavyopumua lakini hawaoni mtu."

Zamu ilizunguka. Mmoja alileta sauti ya barafu inayoyeyuka na kosa la kusahau kuwasha maiki; kosa letu. Mwingine alileta kicheko cha pacha mmoja na kosa la kukichanganya na cha mwenzake, kosa letu. Zamu ya Mwanamize ikafika. Alitoa mkobani kanda mbili, akaziweka mezani.

"Sauti yangu ni hotuba ya uwanjani," alisema. "Hii iliyosafishwa, na hii ghafi."

Ngwali aliruka kama aliyekalia msumari. "Ghafi? Umeleta ukanda ghafi wa Mwenye Kipaza humu ndani?"

"Sikuuchoma. Sikuweza kuuchoma, na sikuwa na moyo wa kuusikiliza. Nimeulaza chini ya godoro wiki saba."

"Fundi, sisi tuna watoto!"

"Bwana Ngwali, niache niseme, nikikatizwa sitaweza tena." Akasema. Alisema juu ya hotuba ya saba, na sekunde tatu, na mstari uliolala. "Sikuvaa hedifoni. Nilitazama, na mama alikuwa amesimama mstari wa mbele, na jioni ile akarudi hana sauti. Niliiambia mashine kwamba mama yangu ni kelele, nayo ikaniamini. Na makosa yote niliyowaletea tangu siku hiyo yalikuwa ya uongo. Leo asubuhi nimeandaa kikombe kimoja."

Mafundi kumi walitazama viatu vyao. Kulijibu kosa lile ni kulibeba, na kulibeba ni kumiliki ukanda ghafi, kumi kwa mmoja. Mwanamize aliona mlango uko mbali. Aliona pia kwamba mama yake ameanza kupauka pale kitini, kwamba ua lililokuwa kwenye kitambaa cha kiti sasa linaonekana kupitia kwenye bega lake, na akajua hakuna Jumatatu nyingine. Kama si leo, basi.

"Kosa letu," alisema Sikudhani. Hakuna aliyefuata, akawageukia. "Nyinyi vipi? Kosa moja haliachi mke! Nani humu hajawahi kusafisha kwa macho? Wewe Ngwali, hujawahi?"

Ngwali alifungua kifungo cha juu cha shati. Huenda hakuna aliyewahi kumwona shingo. "Mara mbili," alisema kwa sauti ndogo. "Ya pili sijui nilimfuta nani. Mpaka leo sijui." Akainua macho kwa Mwanamize. "Kosa letu."

Ndipo wote wakajibu, si kwa mpigo mmoja kama walivyozoea, ila mmoja mmoja, huyu hapa, yule pale, kosa letu, kosa letu, na kila jibu lilimtua Mwanamize kitu mabegani. La mwisho lilipotoka alikuwa amekaa chini sakafuni bila kujua amekaa saa ngapi, na anapumua. Alikuwa amesahau raha ya kupumua mpaka mwisho. Hata kama lisingekuwa na dawa, alisema moyoni, hata kama lingeishia hapa, sikulibeba peke yangu.

"Haya, machozi baadaye," Sikudhani alisema. "Nikuulize, shoga. Kabla hujakitupa, ulikisikiliza ulichokitoa?"

"Sikukisikiliza."

"Basi ndipo tulipo. Kila mtu anasikiliza alichobakiza. Leteni mashine mbili."

Waya zilikuwa zimeshaanza kutoka mikobani. Kazi ikishapatikana, mafundi husahau woga. Sikudhani aliuweka ukanda ghafi huku na uliosafishwa kule, akaeleza huku mikono inakwenda: "Huu mmoja tunaugeuza juu chini. Penye kilima pawe shimo. Tukizipiga pamoja, kilima kinafukia shimo, yote yanayofanana yanauana yenyewe kwa yenyewe. Hotuba inakwisha. Mwenye Kipaza anakwisha. Kinachobaki ni kile tulichokitoa, hicho tu."

"Anakwisha?" aliuliza Ngwali.

"Humu ndani, mwenyekiti. Humu ndani tu. Vaa hedifoni."

Wakavaa wote kumi na mmoja. Na lazima isemwe kwamba katika mji ule hedifoni haikukupa sauti peke yake; ilikupa na mwili wa mwenye sauti, kwa muda wa ukanda, kisha ikaudai. Sikudhani akabonyeza. Kwanza pakawa hapana kitu. Halafu ikapita ile sekunde ya kwanza, ikaja ya pili, na katika masikio yote ya ghala lile pakasikika, karibu sana, kavu, na wazi kabisa:

"Mmh."

Na wote wakawa Bi Mashavu. Mafundi kumi na mmoja walihisi nyonga ya kushoto inavyouma ukisimama sana uwanjani. Walijua uzito wa mwavuli ule, na walijua kwamba mguno haukuwa hata wa siasa. Mama wa watu alikuwa anawaza kwamba binti yake yuko nyuma ya mitambo tangu alfajiri na hajala. Ngwali alilia kwa macho ya mwanamke. Na Mwanamize, akiwa ndani ya mwili wa mama yake, alitazama sakafuni akajiona yeye mwenyewe amekaa, amekunja miguu, mtu wa miaka hamsini na wa miaka tisa. Alijitafutia hasira katika moyo ule aliouazima. Alitafuta kila pembe, kama mtu anavyotafuta ufunguo anaojua ameupoteza. Haikuwepo. Palikuwa na uchovu, na wivu kidogo juu ya mashine, na mapenzi mengi yasiyo na adabu yoyote, yamerundikwa ovyo. Hasira haikuwepo.

Ukanda ukaendelea, maana mashine ilikuwa imefuta mengi. Ikaja sauti ya mtu mmoja nyuma kule, "Ataisha saa ngapi huyu?" Ikaja ya mwingine, "Muongo," bila chuki, kama mtu anavyotaja jina la mtaa. Watoto, kikohozi, mwenye karanga anayeita, kisha miguno, mamia ya miguno, uwanja mzima, kila mmoja akidhani yu peke yake. Hotuba nzima haikusikika hata neno. Nje ya ghala, barabarani, watu wawili waliokuwa wanapita walisimama na kuanza kubishana juu ya jambo walilolisahau siku nyingi. Huko kwa Mwenye Kipaza wangejua kesho, kama kesho ingetokea, na kwa siku za mji ule hilo hakuna aliyeweza kuliapia.

Ukanda ulikwisha. Walivua hedifoni, kila mtu akarudi kwenye nyonga yake mwenyewe.

"Mmh," pakasikika.

Sikudhani alitazama mashine. Ilikuwa imezimwa.

"Mmh," Bi Mashavu alisema tena kutoka kitini, na bega lake lilikuwa bega, ua la kitambaa halionekani. "Nyinyi mnanitazama nini? Kwani mimi nilinyamaza lini?"

Mwanamize akamwendea kwa magoti. "Mama. Unasema."

"Nilikuwa nasema siku zote. Tangu ile jioni sijanyamaza hata siku moja. Nimesema mpaka koo likakauka. Wewe ndiye ulikuwa unanitazama kama picha ukutani."

"Nilikuwa sisikii, mama."

"Najua. Nilikuwa nikiona husikii, ndiyo nikawa nakwambia na yale ambayo mtu hamwambii mwanawe."

Mwanamize alimshika mikono yote miwili. "Rudia."

"Nirudie nini?"

"Yote. Anzia siku ya kwanza."

"Yote?" Bi Mashavu aliwatazama mafundi, waliokuwa wamesimama na waya mikononi kama wafiwa walioambiwa maiti amepiga chafya. "Hata yale? Mbele ya watu?"

"Hata yale."

"Mmh. Haya, vuteni viti basi, maana ni mengi." Akajiweka sawa kitini, akakohoa kidogo. "Siku ya kwanza nilikwambia ule mchuzi umezidisha chumvi. Siku ya pili nilikwambia nakuogopea."

Mwanamize alilaza kichwa mapajani pake, anacheka na kulia vyote kwa pamoja, kwa sauti kubwa mbaya isiyo na haya, na katika chumba kile chenye mafundi kumi hakuna aliyemwambia anyamaze.